Somo la Kufumua

Asubuhi ile Direkteri Bizumuremyi alisimama kwenye ngazi ya darasa langu, akatoa karatasi mfukoni, akasoma majina mawili tu: langu, na la mwanamke niliyempenda.

Akasema kuanzia siku ile tunabadilishana kazi. Verediane, aliyekuwa anaandika masomo ya ushonaji kule ofisi ya juu, mtaa wa Nengo, atashuka kufundisha darasani. Mimi Sebahire, fundi, niliyefundisha pale tangu kituo cha ushonaji cha Gisenyi kilipofunguliwa, nitaingia ofisi ya masomo. Na kwa kuwa ofisi ya masomo imehamia Kigali, gari litanichukua baada ya chakula cha mchana.

Akaikunja karatasi. Hakuniuliza kitu. Wakubwa hawaulizi, wanasoma.

Wasichana wangu walisimamisha miguu juu ya vikanyagio vya cherehani. Kisha Keza, mwenye mdomo kuliko wote, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kutaka nisikie kwamba fundi anaenda kuota kitambi, akirudi atatuita "mademoiselle". Wakacheka. Mimi nilikuwa namtafuta Verediane kwa macho. Alisimama nyuma ya Bizumuremyi, kalamu imechomekwa kwenye nywele kama kawaida yake, ananitazama viatu. Kila siku alinitazama usoni. Siku ile viatu.

Ningeelewa pale pale. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshamhukumu mtu mwingine.

Nieleze kwanza jinsi tulivyofika hapo.

Shule niliiachia darasa la nne, kule Masisi. Kushona nilijifunzia Goma, mtaa wa Birere, kwa kukaa miguuni pa mafundi na kuokota vipande. Ofisi ilipotaka masomo ya ushonaji yaandikwe, wakamtuma Verediane aje anitazame kazini. Mimi nakata, yeye anauliza, "Sasa unafanya nini?" Najibu, anaandika. "Mbona umegeuza kitambaa?" Sijui mbona, mkono ndio umegeuza. "Geuza tena polepole, nione."

Hakuna mtu aliyewahi kuutazama mkono wangu namna ile. Jioni anapanda Nengo na karatasi zake, asubuhi anashuka na swali jingine. Baada ya muda nikaanza kufanya mambo harakaharaka makusudi, asiyaone vizuri, alazimike kurudi. Naye, alivyonieleza siku moja huku anacheka na macho yake chini, alikuwa anayaona vizuri tangu mara ya kwanza.

Tuligombana juu ya kitu kimoja tu. Mimi nilisema msichana akija darasani, somo la kwanza liwe kufumua. Atakosea, kila mtu anakosea, basi ajue kufumua mshono bila kukiumiza kitambaa. Yeye akasema hapana, wakubwa wa Kigali wanataka somo lianze na kutengeneza kitu, mwanafunzi apate moyo. Akaliweka kufumua mwisho kabisa, baada ya vifungo. Nilimwambia waliosema hivyo hawajawahi kuharibu shati la mtu.

Na mwenyewe nilikuwa na kitu ambacho sikutaka kifumuliwe. Kwenye mkono wa kushoto wa koti langu kulikuwa na kipande cha kitambaa cheusi. Nilikishona kwa mashine, nikarudia juu ya mshono ule ule, wiki aliyokufa mke wangu Umuhoza.

Umuhoza alikuwa amekwenda Nyakiriba kwa dada yake, Nyirahabimana, kujifungulia huko. Mtoto akatoka salama, damu ikakataa kusimama. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilishuka mbio hadi kwenye lango la Bizumuremyi, kwa kuwa pikapu ya kituo ililala kwake. Nilimkuta amekaa barazani, ufunguo uko mezani mbele yake, nauona. Akaniambia gari haliwezi kutoka bila karatasi kutoka Kigali yenye jina la mahali linapokwenda. Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, tungoje kesho simu ya posta ifunguliwe. Tulimbeba Umuhoza kwa ngobyi, machela ya kusuka, wanaume wanapokezana, akatuishia mabegani karibu na mikaratusi, kabla hata hatujaikuta lami.

Kwetu mtu akifa, siku hufika wakafanya kwera. Ukoo unakutana, pombe inanywewa, watu wanaoga, wanavaa nguo safi, kilio kinafungwa. Mwanamume mwenye kilio kisichofungwa hawezi kwenda kumposa mwanamke mwingine, hata akiwa na ng'ombe wa Mudende nzima. Kila mwaka Nyirahabimana aliniuliza, tufanye lini? Kila mwaka nilimjibu, siku Bizumuremyi atakapokuja kukaa chini na kuomba. Hivyo kilio kikakaa wazi. Mtoto wetu Ishimwe akaota meno, akatembea, akajifunza kunisalimia kwa mikono miwili, bado kilio kiko wazi.

Na Bizumuremyi alikuwa baba mdogo wa Verediane. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Ukitaka kumposa Verediane, mlango ni ule ule niliopigia magoti.

Sasa rudi nami darasani.

Pale kituoni anayetoka darasani hakabidhi kwa maneno. Anakaa kwenye benchi ya wanafunzi, anafundishwa na anayeingia, na anafanya lile analoambiwa tu, hata likienda kombo. Akijisahau akafanya analojua mwenyewe, wanafunzi wanagonga meza kwa mikasi kumzomea. Kwa hiyo Bizumuremyi alipoondoka nilivuta benchi nikakaa kati ya Keza na Uwera, nikaweka mikono juu ya meza kama mtoto.

Verediane akasimama nilipozoea kusimama mimi. Alikuwa na karatasi za somo la kwanza mkononi, zile alizoziandika mwenyewe: mfuko wa kubebea unga, mishono minne. Akazitazama. Halafu akazilaza mezani uso chini, na kusema leo tunaanza na kufumua.

Keza akanigonga kiwiko. Nikatazama mbele yangu tu.

Aligawa vipande viwiliviwili vilivyoshonwa pamoja, na wembe. Sauti yake ilitetemeka mwanzo, ikakaa. Alisema msivute vitambaa kama watu wanaogombana, vitapasuka. Mshono una nyuzi mbili, wa juu na wa chini. Kateni wa juu, rukeni mishono mitatu, kateni tena, hadi mwisho. Kisha geuzeni, tafuteni ncha ya uzi wa chini, vuteni polepole. Utatoka wote mzima.

Maneno yalikuwa yangu. Hata pumzi katikati ya maneno ilikuwa yangu. Nilijiona nimesimama pale mbele kwa umbo la mwanamke.

Alipita kwenye benchi moja moja akitazama mikono. Akafika kwangu, akainama. Nilisikia sabuni yake, ile ya majani. Wembe wangu ulikuwa umekwenda haraka, mshono umebaki kidogo, na kitambaa kimepata tundu.

"Polepole, fundi," akasema chini chini. "Gari bado."

Mikasi ikagonga meza darasa zima. Nilikuwa nimezomewa na watu niliowafundisha kushika mkasi.

Saa ya chakula wasichana walitoka nje na sahani zao. Mimi nikabaki kwenye benchi. Verediane akafunga dirisha la upande wa barabara, si kwa ajili ya baridi.

"Baba yako mudogo amezoea," nikamwambia. "Bibi yangu wa kwanza alimunyima gari. Sasa sababu yako, gari imepatikana mbio."

"Mwache baba mudogo."

"Nimwache namna gani? Amejua. Kuna mutu amemwambia kama mi na we tunapendana, akaona anipakize Kigali. Huko nitafanya nini? Mutu wa darasa la nne, kati ya watu wa cravate shingoni? Wataniuliza herufi, mi nitawaonyesha pindo?"

"Kuko mutu wa mashine ya kuandika. We utasema, yeye ataandika. Kama tulivyofanya."

Nilimuuliza amejuaje kwamba kuko mtu wa mashine. Akaichomoa kalamu kwenye nywele, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Bizumuremyi alisoma tu majina," akasema. "Mi ndiye niliomba."

Nje wasichana walikuwa wanacheka kitu. Nilikisikia kicheko kile chote hadi kilipokwisha.

Kisha akaniambia yote bila kupumzika, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Kwao wamekaa kikao juu yetu, na shangazi yake aliyetoka Goma ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Alisema wamepata habari, na je, ndiyo haya waliyomsomeshea mtoto? Amevuka miaka thelathini, sawa, lakini ndiyo apewe fundi wa darasani mwenye mtoto na kilio mabegani? Watu watasema wamemtupa. Bizumuremyi alinyamaza. Verediane akamfuata peke yake baadaye, akamwomba anipeleke ofisi ya masomo na yeye ashushwe darasani mahali pangu. Mtu wa ofisi shangazi angemsikiliza. Baba yake mdogo alikataa, Verediane akaomba tena, mzee akakataa tena, hadi binti aliposusa kula mezani kwake, ndipo akakubali.

"Donc umenitafutia cheo," nikasema. "Kama shati ya mtumba. Yangu imechakaa."

"Usiongee vile."

"Uliona haya juu yangu."

"Ningeona haya, ningeshuka kukaa mahali pako?" Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa imenyooka. "Ofisi ni mi nilikuwa nayo, Papa Ishimwe. Nimeitoa. Hakuna mwingine aliyekupa."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimelala na hasira muda mrefu kuliko nilivyowahi kulala na mwanamke, na hasira nayo ina mazoea yake.

"Umefanya kama wao," nikamwambia. "Jina yangu imesomwa mbele ya watu na mi sikuulizwa. Tofauti yako na Bizumuremyi iko wapi?"

Liliingia. Niliona lilivyoingia, alikaa kwenye kiti cha cherehani. Nilitaka kwenda kumshika bega, sikwenda.

"Ile nakubali," akasema. "Ningekuuliza, ungekataa, nikaogopa. Ile ni kosa yangu na unaweza kunichukia juu yake. Sasa nakuuliza." Akainua uso. Sasa alinitazama usoni. "We unataka kunioa, ao unataka kumushinda Bizumuremyi? Nimengoja nikidhani utafanya vyote mbili. Haiwezekani. Ule mulango ni moja."

"Hajaomba musamaha hata siku moja."

"Hajaomba. Na anaweza kufa hajaomba. Mi nitakuwa na miaka ngapi siku hiyo?"

Nilivua koti. Nikalilaza juu ya meza mbele yake, mkono wa kushoto juu, kile kipande cheusi kikimtazama, nikausogeza wembe karibu na vidole vyake.

"Fumua," nikamwambia.

Aliuchukua wembe. Akapitisha kidole juu ya mshono wangu ule wa kurudia, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akipitisha kidole kwenye mistari yake ya maandishi. Nilitaka afanye. Mungu anajua nilivyotaka afanye, pale pale, tumalize. Kichwa chake kilikuwa karibu na kifua changu, na nywele zake zilikuwa na alama ndogo pale kalamu ilipozoea kukaa.

Akauweka wembe chini.

"Sio mi," akasema. "Nikifumua mi, watasema nimekuiba kwa maiti. Atafumua Nyirahabimana, kwao, siku ya kwera, mbele ya watu. Na baba mudogo awe amekaa pale anaona. Pasipo hivyo sitaki." Alilikunja koti, akanipa mikononi, na vidole vyake vikabaki juu ya vyangu muda mfupi kuliko nilivyotaka. "Enda. Ao kaa. Lakini usikae sababu ya kumuudhi yeye."

Honi ikapigwa nje.

Bizumuremyi mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha. Dereva alikuwa amekwenda kuzika kwao. Nilimkuta amefungua boneti ya pikapu, ile ile, anaongeza maji. Mzee amekonda shingo, kola ya shati imemwachia nafasi. Mimi kama fundi kitu hicho nakiona haraka. Nilikuwa sijamtazama kwa karibu tangu ile Jumapili.

"Mzigo wako uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia nina neno kwanza. Akaendelea kumimina maji.

"Kama ni ile siku," akasema bila kugeuka, "karatasi haikuwako, Sebahire. Ningetoka bila karatasi, wangenifukuza."

"Wangekufukuza. Ungekuwa hai."

Maji yakamwagikia kiatu chake. Hakukisogeza.

Nilikuwa na maneno mengine mengi, yaliyopangwa tangu zamani, makali, kila moja mahali pake. Nyuma yangu nilijua Verediane amesimama kwenye ngazi ya darasa. Sikugeuka, lakini mgongo ulijua.

"Tunafunga kilio ya Mama Ishimwe," nikasema. "Mbele ya Noeli. Nakuja kukualika."

Sasa akageuka. Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu kizito bila kuambiwa akishike wapi.

"Umenisamehe?"

"Nakualika."

Akafunga boneti. Akafuta mikono kwenye suruali, akaitazama mikono, akaifuta tena. Kisha akauliza swali ambalo kwetu si dogo, maana kwenye kwera kila mtu ana mahali pake pa kukaa.

"Nitakaa wapi?"

"Si mimi wa kukuonyesha. Ni Nyirahabimana, nyumba ni yake. Kamuulize leo. Barabara ya Kigali inapita Nyakiriba."

"Kwake ni juu," akasema. "Ni kuacha lami."

"Ni kuacha lami."

Alitia mkono mfuko wa shati, akaitoa karatasi ya gari. Niliijua kwa rangi yake. Iliandikwa Gisenyi, iliandikwa Kigali, na katikati hapakuandikwa kitu. Aliisoma yote, mtu huyu aliyemwacha mke wangu afe kwa ajili ya karatasi kama hii, midomo inacheza. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atanipa sababu ya kubaki, na nitaichukua kwa mikono miwili.

Akaikunja. Akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Panda mbele," akasema.

Nilichukua mzigo wangu. Wasichana walikuwa wametoka kwenye ngazi, Keza analia na kunicheka kwa wakati mmoja. Verediane alisimama nyuma yao. Hakupunga mkono, mbele ya baba yake mdogo asingeweza. Ila nilipokuwa na mguu mmoja garini aliuliza, kwa sauti ya kazi, sauti ile ya kila asubuhi:

"Sasa unafanya nini, fundi?"

"Nageuza," nikamjibu.

"Geuza polepole," akasema. "Nione."

Tulipanda mlima. Ziwa likabaki chini nyuma yetu, mashamba ya viazi yakaanza. Penye mikaratusi Bizumuremyi alipunguza mwendo. Sikumwonyesha njia. Aliacha lami mwenyewe, na gari likaanza kuruka kwenye mawe, na nilihesabu kila jiwe, maana kila jiwe tulilipita kwa miguu na ngobyi begani.

Nyirahabimana alikuwa uani anapepeta maharage, Ishimwe amekaa karibu naye. Aliposikia injini aliinuka. Alilitazama gari, akaitambua rangi yake. Alimtazama anayeendesha. Akaweka ungo chini taratibu.

Bizumuremyi alikuwa ameshazima injini lakini mikono bado iko kwenye usukani. Nilishuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Sijui kwa nini nilifanya. Akashuka, akavua kofia, akasimama pale penye vumbi, mzee mwenye kola iliyomzidi.

"Hii gari imechelewa," Nyirahabimana akasema.

Kuku walipita kati yetu.

"Ndiyo, mama," Bizumuremyi akasema. "Imechelewa." Akashika mlango wa gari, halafu akauachia, akapiga magoti.

Nyirahabimana alimtazama. Hakumwinua, hakumfukuza. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka karibu na ukuta, mbali na mlango, akamwonyesha kwa kidevu. Kisha akanijia mimi. Aliushika mkono wa koti langu, akapapasa ule mshono kwa kidole gumba, akatingisha kichwa jinsi nilivyoukaza.

Ishimwe akanisalimia kwa mikono miwili.

"Bon, tufunge kilio," Nyirahabimana akasema, bado ameshika mkono wa koti. "Anaitwa nani?"

Sikumuuliza amejuaje kama kuna mwanamke. Nikamwambia: Verediane. Nililisema polepole, alisikie lote.